Uzi: Fangasi kwenye unga na watu waliouawa kwa tuhuma za uchawi, kuanzia Salem hadi Vardø

Mwanamapori (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kila ukianza mjadala wa wachawi wa Ulaya na Marekani ya zamani, lazima atokee mtu aseme: "Wale hawakurogwa, walikula mkate wenye fangasi, basi." Akishasema hivyo anaondoka kifua mbele kama hakimu aliyefunga kesi. Hoja hiyo nimeifuatilia muda mrefu. Ina nyama, lakini ina mfupa pia. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na mtuhumiwa mwenyewe. Anaitwa ergoti, kwa jina la kitaalamu Claviceps purpurea. Anashambulia nafaka na majani ya jamii ya nyasi, na anayempenda kuliko wote ni rai, nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano. Rai ikichanua, vumbi la fangasi linaingia ndani ya ua. Pale palipotakiwa kukaa punje kinaota kitu kigumu, cheusi chenye uzambarau, kimejipinda kama kipi cha jogoo. Msimu ukiwa wa baridi na mvua nyingi, maua yanakaa wazi siku nyingi na ergoti inazidi. Mkulima asipopepeta na kuchagua, vitu hivyo vinaingia kinuni pamoja na punje nzima na kutoka unga.

Mlaji anaumia kwa njia mbili. Ya kwanza, mishipa ya damu inabana: vidole vinauma kama vimetiwa kwenye makaa, vinakuwa vyeusi, vinakatika. Ya pili inapanda kwenye neva: ngozi inahisi kutambaliwa na sisimizi, misuli inakakamaa, degedege, na wengine wanaona visivyokuwepo. Ulaya ugonjwa huu waliuita moto wa Mtakatifu Antonio, kwa sababu kuna watawa walioanza kule Ufaransa karibu mwaka 1095 kwa jina la mtakatifu huyo, wakawa wanawauguza wagonjwa hawa. Altare maarufu ya Isenheim, aliyoichora Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516, ilikuwa ya nyumba yao mojawapo. Kwenye ubao wa vishawishi vya Antonio, chini pembeni, kuna kiumbe mwenye tumbo lililovimba na ngozi iliyojaa majipu. Mgonjwa akiletwa pale alikuwa anaangalia ugonjwa ukutani.

Na ndiyo, LSD, ile dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone visivyokuwepo, ilitoka upande huu. Mkemia Albert Hofmann aliitengeneza Basel mwaka 1938 kutokana na kemikali za ergoti, akagundua inachofanya kichwani mwaka 1943. Ergoti yenyewe si LSD, tusichanganye, ila ni ukoo mmoja.

Nakuja na Salem, nipeni dakika.

Jogoo la Shamba

Nimekaa pale.

Bibi Ukwaju

Endelea mwanangu, sisi wazee tupo macho.

Mwanamapori

Shikamoo bibi. Naendelea.

Salem Village, leo panaitwa Danvers, Massachusetts. Januari 1692, nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, binti yake Betty wa miaka 9 na ndugu yake Abigail Williams wa miaka 11 wanaanza vituko. Wanajikunja, wanajificha chini ya viti, wanapiga mayowe kwamba kuna mtu anawafinya na kuwachoma sindano, na mtu haonekani. Tabibu anawapima, anashindwa, anasema huu ni mkono mbaya, yaani wamerogwa.

Februari jirani yao Mary Sibley anatoa dawa ya kienyeji ya Kiingereza: chukua unga wa rai, ukande kwa mkojo wa mabinti, oka, mpe mbwa. Mbwa akila, mchawi atajulikana. Waliooka ni Tituba na John Indian, watumwa wa mchungaji. Sasa itazame hiyo keki vizuri. Kama kweli ergoti ilikuwa kwenye pipa la unga, basi watu walitafuta dawa ya ugonjwa wakachota kwenye pipa lile lile lililoleta ugonjwa.

Hoja ya ergoti iliwekwa mezani rasmi mwaka 1976 na Linnda Caporael, kwenye jarida la Science. Alisema majira ya 1691 yalikuwa na unyevu, rai ililimwa kwenye maeneo ya majimaji upande wa magharibi wa kijiji, familia ya Thomas Putnam ilikuwa na ardhi huko, na binti yao Ann alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kuliko wote. Kufinywa, kuchomwa, degedege, kuona vivuli: dalili zinafanana. Mwaka uliofuata ukawa mkavu na kelele zikakoma. Magazeti yakaipokea kwa shangwe.

Desemba mwaka huo huo, Nicholas Spanos na Jack Gottlieb wakamjibu kwenye jarida hilo hilo. Ergoti ya degedege, walisema, inapiga zaidi watu wenye upungufu wa vitamini A, na Salem ilikuwa na ng'ombe na samaki. Inapiga nyumba nzima, na watoto wadogo ndio wa kwanza. Kule waliougua wengi ni wasichana wa rika moja kutoka nyumba tofauti, huku ndugu zao wa meza moja wakiwa wazima.

Lakini linalonimaliza mimi ni mahakamani. Mshtakiwa akimtazama msichana, msichana anaanguka. Akiletwa karibu akamgusa, anatulia. Fangasi gani hiyo inayosubiri hakimu akae kwanza ndipo ipande, na ikiguswa na mama wa watu inashuka?

Halafu angalia majina matatu ya kwanza: Tituba, mtumwa. Sarah Good, ombaomba. Sarah Osborne, mgonjwa ambaye hakuonekana kanisani muda mrefu na ana ugomvi wa mirathi. Unga mbaya unaweza kumtetemesha mtu. Nani atajwe, hilo kijiji kilikuwa nalo tayari kabla ya unga. Watu 19 walinyongwa, mzee Giles Corey alibanwa kwa mawe hadi akakata roho kwa kukataa kujibu mashtaka, na wengine wakafia gerezani. Mbwa wawili nao waliuawa.

Ann Putnam alisimama kanisani mwaka 1706 akaomba radhi, akasema shetani alimdanganya. Mkate hakuutaja.

Omwana wa Kagera

Mkuu hapo umenigusa. Mbona unakwenda mbali wakati Kashasha ipo? Januari 1962, shule ya wasichana ya misheni huku kwetu, wanafunzi watatu walianza kucheka, wakafuata wengine, mpaka 95 kati ya 159. Kucheka, kulia, kukimbia ovyo. Shule ikafungwa Machi. Wasichana waliporudishwa makwao likaibuka Nshamba, watu 217. Wazee walisema mengi, unajua mwenyewe.

Mwanamapori

Omwana wa Kagera, kula tano. Kashasha ndiyo inayoniharibia kabisa hoja ya ergoti Salem. Madaktari Rankin na Philip waliichunguza na kuandika mwaka 1963: hakuna kirusi, hakuna sumu, na walimu hawakupatwa. Wasichana wa rika moja, bweni moja, shinikizo moja. Kichwa cha binadamu kinatosha kufanya yote yale bila msaada wa uyoga wala ukungu. Kila mwaka tunasikia shule fulani wanafunzi wanaanguka na kupiga kelele, na kitu cha kwanza kinachofanyika ni kumtafuta mwalimu au mzee wa jirani wa kubebeshwa.

Dr Mtaani

Mleta uzi usiwe mgumu kiasi hicho. Unasema "hakuna ergoti" kama ulikuwepo. Inawezekana mtoto mmoja au wawili waliugua kweli, wengine wakafuata mkumbo.

Mwanamapori

Inawezekana, na hapo sibishani. Ninachokataa ni kwamba fangasi inaeleza kesi. Kesi ina mahakama, ina wivu wa mashamba, ina mchungaji anayegombana na waumini kuhusu mshahara na kuni. Toa degedege la Betty, mashamba na kuni vinabaki pale pale.

Mswahili wa Tromsø

Salaam wakuu, nawasoma kutoka huku kwenye baridi. Mkitaka kesi ambayo ergoti ina nguvu zaidi kuliko Salem njooni Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei. Nimefika Vardø kwenye mnara wa kumbukumbu wa Steilneset, uliofunguliwa 2011. Aliyebuni jengo ni Peter Zumthor: ujia mrefu wa turubai lililoning'inizwa kwenye fremu za mbao, juu ya ufuko. Ukiingia ni giza, upepo unalitikisa turubai, na ukutani kuna madirisha madogo 91, kila moja na taa yake na maandishi ya mtu mmoja: jina, alishtakiwa nini, alikiri nini, alichomwa lini. 91, kwenye eneo lililokuwa na watu wachache mno. Jengo la pembeni kuna kazi ya Louise Bourgeois, kiti cha chuma kinachotoa moto, na vioo vikubwa juu yake.

Ukisoma yale maandishi unaona jambo la ajabu. Wengi wanasema uchawi waliupata kwa kula au kunywa. Si kwa kitabu wala kwa mkataba wa damu. Mtu alimpa mkate, au maziwa, au bia, basi.

Mwanamapori

Asante sana mkuu, umenipunguzia kazi. Torbjørn Alm, mtaalamu wa mimea wa Tromsø huko huko, alizipitia kesi hizo na kuchapisha mwaka 2003. Aliona kwamba katika baadhi ya maungamo kile chakula kilikuwa na vitu vyeusi kama punje, vinaonekana chini ya kikombe cha bia au maziwa. Finnmark rai haioti, unga unaletwa kwa meli kutoka kusini, na unga wa kuletwa huwa haujulikani ulikotoka wala umekaa ghalani miezi mingapi. Hapo ergoti ina mahali pa kukalia.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Maungamo yale yalitolewa na watu waliotishwa na kuteswa. Walikuwa wanatupwa baharini: akielea ni mchawi, akizama hana hatia ila amelowa au amekufa. Na mtu wa kwanza akishasema "nilipewa kwenye maziwa", hakimu anamuuliza wa pili, "Na wewe ulipewa kwenye nini?" Hadithi inajirudia kwa sababu swali linajirudia. Zile punje nyeusi lakini, hizo sioni kwa nini hakimu azitunge. Hapo nampa Alm nusu.

Mswahili wa Tromsø

Nusu naipokea 😄

Kabla sijalala, kuna jingine la majirani zetu Waswidi. Waliamini mchawi ana uwezo wa kuunda kiumbe kama sungura kwa vijiti na nyuzi, anamtuma usiku aende kunyonya ng'ombe wa jirani. Anarudi tumbo limejaa, anatapika maziwa kwenye chombo cha bibi yake. Akishiba kupita kiasi anatapika njiani. Asubuhi unakuta kwenye kisiki rojo la manjano lenye povu, jana halikuwepo. Ndiyo ushahidi. Watu walilichoma moto ili mwenye sungura aungue huko aliko. Kanisa la Ösmo lina mchoro wa zamani wa kisa hicho cha sungura na siagi ya wizi.

Rojo lenyewe linajulikana: Fuligo septica. Kwa hesabu za leo limetolewa kwenye kundi la fangasi, ni kiumbe cha ute kinachotambaa taratibu juu ya magogo na kula bakteria, kisha kinakauka na kuwa unga.

Jogoo la Shamba

Yaani hiyo ni chuma ulete ya maziwa 🤣🤣 Kumbe Wazungu nao walikuwa nayo!

Bibi Ukwaju

Usicheke mjukuu wangu. Ng'ombe akikauka maziwa na wa jirani anajaza ndoo, hata wewe ungetafuta sungura.

Mwanamapori

Bibi umemaliza. Ukiacha unga wa rai, mambo mengi ya fangasi na wachawi yako hivyo: kitu kimetokea usiku, hakina mbegu unayoiona, hakina mizizi, na mtu ana dhiki ya kwake inayotafuta mwenyewe. Zile pete za uyoga kwenye nyasi, ambazo Wajerumani walisema ni viwanja vya wachawi kucheza ngoma usiku wa kuamkia Mei mosi, ni hivyo hivyo. Fangasi inaanzia sehemu moja ardhini, inasambaa pande zote sawasawa, chakula cha katikati kinaisha, uyoga unatoka pembeni tu. Kila mwaka duara linapanuka. Karibu na Belfort, Ufaransa, kuna moja yenye kipenyo cha mita kama 600, inakadiriwa ina miaka mia saba.

Mzee wa Nondo

Umesahau kubwa kuliko yote. Wachawi wa Ulaya walikuwa wanaruka na ungo, samahani, ufagio, baada ya kujipaka mafuta ya ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Hilo linajulikana dunia nzima.

Mwanamapori

Mzee wa Nondo, hiyo ni chai. Maelezo ya mafuta hayo yapo, mfano kwa Giambattista della Porta wa Napoli, 1558. Ametaja mmea wa akoniti, mnavu wa usingizi, majani ya mpopla, masizi, damu ya popo, na mafuta ya mtoto kama kinogesho cha hofu. Uyoga hamna. Ule mwekundu ni habari za Siberia, ambako Wakoryaki waliula kwa makusudi yao, na kadi za Krismasi zikamalizia kazi.

Sista_Wodini

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mnaiongelea ergoti kama jini wakati sisi wodi ya wazazi tunaishi nayo. Ergometrini si ndiyo hiyo hiyo? Mama akijifungua akatokwa damu nyingi, uzazi umelegea, sindano moja tumbo linakaza. Mwenye presha hapewi.

Mwanamapori

Sista, ndiyo yenyewe, na nilikuwa nasubiri mtu wa wodini. Ergometrini ilitengwa mwaka 1935, kazi ya Dudley na Moir Uingereza. Lakini wakunga walijua zamani. Adam Lonitzer, daktari wa Frankfurt, aliandika mwaka 1582 kwamba wanawake wanatumia zile punje nyeusi kuamsha uchungu. Mwaka 1808 John Stearns, daktari wa New York, aliwasifia wenzake unga huo kwamba unaharakisha kujifungua. Baadaye madaktari wakaona watoto wanazaliwa wafu kwa sababu uzazi unabana bila kuachia, wakashauri utumike baada ya mtoto kutoka tu. Mnavyofanya nyinyi leo.

Kitu kile kile, kucha moja nyeusi ya rai: kikizidi kwenye mkate kinakata mguu, mikononi mwa mkunga anayejua kipimo kinaokoa mama.

Sista_Wodini

Na asiyejua kipimo mama anaharibika, halafu mkunga anaitwa mchawi. Hilo hata huku bado lipo.

Kijana wa Kibaigwa

Wataalamu samahani, mimi ni mkulima, nauliza la shambani. Mtama wangu baadhi ya masuke yanatoa utomvu mtamu unanata, nzi na nyuki wanajaa, baadaye panakuwa peupe kama pamemwagiwa unga. Mama anasema tumefanyiwa. Je ndiyo hiyo ergoti ya Wazungu? Tutakatika vidole?

Mwanamapori

Kijana, pole, na umeeleza vizuri kuliko vitabu. Ni binamu yake, Claviceps africana, wa kwetu kabisa; huyo ametoka Afrika akaenda kusumbua Brazili mwaka 1995, Australia 1996 na Marekani 1997. Utomvu ule ndani yake umejaa mbegu za fangasi, na ukikauka juu unageuka mweupe. Unapiga ua ambalo halijapata chavua kwa wakati, ndiyo maana mtama uliochanua kipindi cha baridi na mvua unaumia zaidi. Kemikali zake ni tofauti na za rai, na si kali kama zile, lakini usizile wala usimpe nguruwe anayenyonyesha, maziwa yanakauka.

Fanya hivi: masuke yenye kunata yakate uyatoe shambani, usiyaache chini. Mbegu ya msimu ujao usiichukue kwenye shamba hilo. Ukilazimika, weka chumvi kama kilo mbili kwenye lita kumi za maji, mwaga mbegu, koroga. Vinavyoelea vitoe uvichome, zilizozama suuza vizuri kwa maji safi, anika. Panda mapema, na shamba zima siku moja, lichanue pamoja.

Vidole vilikatika Ethiopia, Wollo, 1977 hadi 1978, lakini ile ilikuwa ergoti ya oti-mwitu, nafaka nyingine ya porini, iliyochanganyika na shayiri ya chakula.

Mkamba_Halisi

Na kwetu Makueni na Kitui 2004 haikuwa ergoti, ilikuwa aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Wagonjwa 317, waliokufa 125. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji, nyumba moja watu watatu. Mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, yakawekwa ndani ya nyumba yasiibwe.

Kijana wa Kibaigwa

Dodoma na Manyara pia ilipita 2016. Mahindi yenye ukungu tunawapa kuku siku hizi.

Mkamba_Halisi

Kuku usimpe. Inapita kwenye ini la kuku, nawe utalila hilo ini. Chimbia.

Kijana wa Kibaigwa

Sawa mkuu. Kesho naanza na masuke. Mama nimemsomea huu uzi, anauliza kilo mbili za chumvi nani ananunua.